Bernhard Bang, aliyegundua kinachowafanya ng'ombe watupe mimba

Katika kipindi chetu cha ufugaji swali hili halikosi: ng'ombe katupa mimba ya miezi saba, hakupigwa, hakuanguka, malisho anapata, kulikoni? Aliyelipatia jibu la uhakika ni Mdenmark mmoja, Bernhard Bang.

Alizaliwa mwaka 1848 katika mji wa Sorø. Alisomea kwanza udaktari wa binadamu, kisha wa mifugo, na kuanzia 1880 akafundisha chuo cha mifugo na kilimo cha Copenhagen. Wafugaji wa Denmark, waliotegemea siagi, walikuwa wakipoteza ndama zizi baada ya zizi. Kwamba tatizo linaambukiza, wengi walishahisi. Kinachoambukiza hakikujulikana.

Bang na msaidizi wake, Stribolt, walichunguza mfuko wa uzazi wa ng'ombe aliyechinjwa akiwa na dalili za kutupa mimba. Kati ya ukuta wa mfuko huo na kondo la nyuma wakakuta ute usio na harufu, umejaa vijidudu vidogo mno. Wakavikuza maabara, wakawaambukiza ng'ombe wengine wenye mimba, nao wakatupa. Matokeo yalitangazwa mwaka 1897. Ugonjwa ukaitwa kwa jina la Bang. Sisi leo tunauita bruselosi.

Alikuwa pia ameshawaonyesha wafugaji namna ya kupambana na kifua kikuu cha ng'ombe: pima kundi zima, tenga wagonjwa, ndama wao walelewe mbali kwa maziwa yaliyochemshwa. Bruselosi nayo inadhibitiwa kwa mwendo huo huo: damu hupimwa, mgonjwa huondolewa, mitamba huchanjwa. Dawa ya kutegemewa kwa ng'ombe haipo hadi leo. Anayemchoma sindano ng'ombe wake halafu akamuuza kwa jirani, amemuuzia ugonjwa.

Mwaka 1918, Bang akiwa na miaka 70, Mmarekani Alice Evans alionyesha kuwa kijidudu hicho ni ndugu wa karibu wa kile ambacho David Bruce alikipata mwaka 1887 kwa askari wa Malta waliokuwa na homa. Wataalamu wengi walimpuuza Evans, mwanamke asiye na shahada ya udaktari. Bang alipofariki mwaka 1932, ubishi huo ulikuwa umekwisha: maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa, au kuvuta kondo la nyuma kwa mikono mitupu, humletea mtu homa inayokwenda na kurudi pamoja na maumivu ya viungo.