ALIIPANGIA TAREHE SIKU YA BWANA!

Labda kanisani hujakanyaga miaka mingi, au hujawahi kabisa. Labda ukisikia habari za mwisho wa dunia unacheka tu na wenzako pale kijiweni. Haya, tulia dakika tano. Soma habari za mtu aliyecheka kama wewe, kisha akaamini, kisha akaaibika mbele ya taifa zima. Jina lake ni William Miller.

ALIKUWA MTU WA MZAHA

Miller alizaliwa Marekani, jimbo la Massachusetts, tarehe 15 Februari 1782. Alikuwa wa kwanza katika watoto 16. Wazazi wake walihamia Low Hampton, jimbo la New York, wakaishi kwa kulima. Shule alipata kidogo tu, lakini vitabu alivipenda mno.

Mwaka 1803 alioa, akahamia Poultney, Vermont. Huko akaingia katika kundi la wasomi wa mji, akaanza kusoma vitabu vya waliopinga Biblia, kina Voltaire na Thomas Paine. Imani ya mama yake akaitupa. Akasema moyoni kwamba Mungu yupo, lakini yuko mbali mno, ameumba dunia na kuiacha ijiendee yenyewe. Babu yake mzaa mama alikuwa mhubiri. Unajua Miller alifanya nini? Alimwigiza babu yake anavyohubiri na kuomba, marafiki wakafa kwa kicheko!

Kijana, mzaha huo unaufahamu. Hata leo wako wanaopata umaarufu kwa kumwigiza mchungaji. Lakini ukibaki peke yako usiku, kicheko kinakusaidia nini?

BOMU LILIPOPASUKA

Vita vya Marekani na Uingereza vilipoanza mwaka 1812, Miller akaingia jeshini, akawa kapteni. Septemba 1814 alikuwa Plattsburgh. Waingereza walikuwa wengi kuliko wao kwa mbali. Bomu likapasuka hatua moja tu kutoka aliposimama. Askari wake watatu wakajeruhiwa, mwingine akafa. Yeye hakupata hata mchubuko! Na Wamarekani, waliokuwa wachache, wakashinda.

Swali likamshika: kama Mungu yuko mbali, nani aliyenikinga? Na kama ningekufa, ningekwenda wapi?

Alirudi kulima Low Hampton akiwa na swali hilo. Jumapili moja mwaka 1816 mhubiri hakuwepo, wakamwomba Miller asome mahubiri yaliyoandikwa kitabuni. Alianza vizuri. Katikati kilio kikamkaba, akashindwa kuendelea, akakaa chini. Siku zile zile alimpokea Yesu kuwa Mwokozi. Mwenye mzaha akawa mtoto wa Mungu!

MKULIMA ANAPIGA HESABU

Wenzake wa zamani wakamdhihaki. Yeye akachukua Biblia na itifaki yake, yaani kitabu cha kutafutia maneno ya Biblia, akasoma mstari kwa mstari kwa miaka miwili. Siku hizo wahubiri wengi walifundisha kwamba dunia itazidi kuwa njema kwa miaka elfu, ndipo Kristo aje. Miller akaona sivyo. Kristo atakuja kwanza, na yeye mwenyewe ndiye atakayeusimamisha Ufalme. Hapo tunasema amina.

Lakini hakuishia hapo. Katika Danieli sura ya 8 alisoma habari za siku 2300. Akazihesabu kuwa miaka 2300, akaanzia mwaka 457 kabla ya Kristo, hesabu ikamfikisha kwenye 1843. Yaani akaona dunia imebakiza kama miaka 25 tu!

Miaka mingi hakuthubutu kupanda mimbarani. Mwaka 1831, akiwa na miaka 49, akamwahidi Mungu kwamba mtu akimwalika ataenda. Alidhani amejinasua, maana nani angemwita mkulima kuhubiri? Haikupita nusu saa, mpwa wake akafika na mwaliko kutoka Dresden. Miller alichukia, akatoka kwenda kuomba kichakani, lakini mwishowe akaenda. Watu wakatubu.

Baadaye mchungaji mmoja wa Boston, Joshua Himes, akamsaidia kwa magazeti, chati za ukutani na hema kubwa mno la mikutano. Waliomfuata walikadiriwa kuwa 50,000 au zaidi. Wengine waliacha ulevi, wengine walilipa madeni yao ya zamani. Jambo jema!

SIKU ILIPOFIKA

Miller alisema Bwana atakuja kati ya Machi 21, 1843 na Machi 21, 1844. Tarehe ikapita. Kisha mhubiri mwingine, Samuel Snow, akapiga hesabu upya na kutaja siku moja kamili: Oktoba 22, 1844. Miller mwenyewe alisita, akaikubali zikiwa zimebaki wiki mbili tu.

Wako walioacha viazi shambani bila kuvuna. Wako waliofunga maduka. Usiku ule walikesha, wakaimba, wakangoja. Saa sita ya usiku ikapita. Kukapambazuka. Jua lile lile, ng'ombe wale wale wakingoja kukamuliwa.

Watu wazima walilia kama watoto. Magazeti yakawacheka, na sehemu nyingine nyumba zao za ibada zikavamiwa. Wengi walirudi duniani kabisa. Wengine walirudi kwenye Biblia, na miongoni mwao ndimo lilimotoka Kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863.

Na Miller je? Kanisa lake la Kibaptisti likamtenga. Alikiri hadharani kwamba tarehe aliikosea. Lakini Yesu hakumwacha. Aliendelea kumngoja mpaka macho yakafifia, akafa tarehe 20 Desemba 1849, nyumbani kwake Low Hampton.

NA WEWE JE?

Ndugu kijana, Miller alikosea wapi? Hakukosea kuamini kwamba Yesu anakuja. Alikosea kuchungulia kalenda ya Baba. Yesu alishawaambia wanafunzi wake kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba peke yake. Soma Mathayo 24 na Matendo 1.

Tena kuna hatari kubwa hapa. Huko Kanungu, Uganda, watu waliambiwa dunia ingeisha mwaka 1999 ukimalizika. Haikuisha. Machi 2000 mamia wakafa, wengi wao kwa kuteketea ndani ya nyumba yao ya ibada. Kwa hiyo mtu akikutajia tarehe, akikuambia uuze vitu, uache shule, ujiue njaa, kimbia! Huyo hakutumwa na Bwana.

Lakini usijifiche nyuma ya kosa la Miller. Usiseme kwa kuwa yeye alikosea, basi hakuna kitu. Ufalme wa Mungu una sehemu mbili. Siku moja utaonekana kwa macho, parapanda italia, na wafalme wote wataachia viti vyao. Hiyo siku hatuijui. Lakini Ufalme huo huo huanza leo, ndani ya moyo wa mtu, pale anapomkubali Yesu awe Mfalme wake. Hiyo siku unaijua. Ni leo!

Kumbuka, yule askari wa Plattsburgh hakungoja Oktoba 22. Yeye siku yake ya mwisho ilifika palepale, bila tarehe. Yako je?

Hapo ulipo, mwambie Yesu kwa maneno yako mwenyewe kwamba wewe ni mwenye dhambi, akusamehe, aingie atawale maisha yako. Anasikia, hata kama huna suti wala viatu. Kisha tafuta kanisa linalohubiri wokovu, ukae na watu wa Mungu.

Usihesabu siku. Okoka! Bwana Yesu asifiwe.