Lawrence Sperry, kijana aliyefundisha ndege kujiongoza

Tunawaletea maisha ya mtu ambaye jina lake si wengi wanaolijua, lakini kazi yake iko ndani ya kila ndege kubwa ya abiria.

Lawrence Sperry alizaliwa Chicago, Marekani, tarehe 21 Desemba 1892. Baba yake, Elmer Sperry, alikuwa fundi mwenye akili sana, aliyetengeneza dira ya meli inayotumia jiroskopi. Jiroskopi ni nini? Ni gurudumu zito linalozunguka mbio sana. Tuliocheza na pia tukiwa wadogo tunajua: ikizunguka mbio inasimama wima, ikipunguza mwendo inaanguka. Vilevile gurudumu la jiroskopi linakataa kuinama, hata kama chombo kinachoibeba kinainama.

Lawrence alikuwa mtoto wa mikono isiyotulia. Alifungua kazi ya kutengeneza kinga, ndiyo baiskeli, katika nyumba ya wazazi wake, kiisha akaanza kuunda ndege yake mwenyewe. Mwaka wa 1913 alikwenda Hammondsport, kwa Glenn Curtiss, mtengenezaji wa ndege, akajaribu huko kufunga jiroskopi katika ndege. Wakati ule piloti hakuweza kuacha usukani hata kidogo. Upepo kidogo tu, ndege inalala ubavu, na watu wengi walikufa hivyo.

Basi tarehe 18 Juni 1914 kulikuwa mashindano ya usalama wa ndege huko Bezons, juu ya mto Seine, karibu na Paris. Lawrence alikuwa na miaka 21 tu. Alileta ndege ya Curtiss ya kuondoka juu ya maji, pamoja na fundi Mfaransa, Emil Cachin. Ndani yake alifunga jiroskopi nne. Kifaa chote kilikuwa na uzito wa kilo 18 hivi, na kilivuta kamba za mabawa na za mkia chenyewe.

Mara ya kwanza alipita mbele ya watu akiinua mikono miwili juu. Mara ya pili Cachin alitoka inje akatembea juu ya bawa. Ndege ikataka kuinama, kifaa kikairudisha sawa. Mara ya tatu wote wawili walikuwa inje, mmoja bawa hili, mwengine bawa lile, na kiti cha piloti kitupu! Watu walipiga kelele za furaha. Akapewa zawadi ya franka 50.000. Kiisha akampandisha afisa mmoja wa jeshi la Ufaransa, akamwonyesha jambo lingine: ndege kuondoka na kupaa bila mkono wa mtu.

Lakini kupaa kulikuwa fasi ya hatari. Wakati wa vita Lawrence na baba yake walijaribu kuunda ndege isiyo na mtu, ya kubeba mabomu. Mara kadhaa zilianguka palepale wakati wa kuondoka. Tarehe 6 Machi 1918 tu ndipo moja iliruka vizuri, na mwendo wake haukufika hata kilometa moja. Kumbe kuweka ndege sawa ikiwa tayari juu ni jambo moja, na kuitoa chini ni jambo lingine.

Tarehe 13 Desemba 1923 Lawrence aliondoka Uingereza peke yake katika ndege yake ndogo, akitaka kuvuka bahari kufika bara la Ulaya. Hakufika. Ndege ilikutwa majini, na maiti yake ilionekana tarehe 11 Januari 1924. Zilibaki siku nane tu atimize miaka 31.

Kazi yake haikufa. Mwaka wa 1933 Wiley Post alizunguka dunia peke yake kwa siku saba na saa kama 19, kifaa cha Sperry kikimsaidia. Mwaka wa 1947 ndege ya jeshi la Marekani ilivuka Atlantiki ikipaa na kutua yenyewe. Na mwezi wa Desemba 2019, huko Toulouse, ndege kubwa ya Airbus A350 ilipaa yenyewe mara nane katika majaribio, ikiangalia njia kwa kamera.

Hata hivyo, katika safari za kawaida za abiria, ni mtu anayepaisha ndege mpaka leo. Mashini inasaidia: inapima nguvu za moteri, na katika kioo inaonyesha piloti namna ya kuinua pua. Lakini usukani uko mikononi mwake. Akiisha kupaa, ndipo anawasha kifaa cha kujiongoza. Kwa ndege nyingine inaruhusiwa tangu mita 30 hivi, kwa nyingine mita 120.

Kwa nini hivyo? Juu ya uamuzi. Ndege ikikimbia chini, kuna mwendo mmoja uliohesabiwa kabla ya safari. Moteri ikizimika kabla ya mwendo huo, kapiteni anaweza kusimamisha; ukiisha kupita, lazima kupaa, maana njia iliyobaki haitoshi tena. Anayo nafasi ndogo sana ya kuchagua, na nyuma yake kuna watu mamia.

Sisi tunaosoma fizika tukumbuke kijana huyu. Alitoka kwenye kiti ili kuonyesha kwamba mashini inaweza kushika ndege. Miaka zaidi ya mia imepita, mashini inashika vizuri kuliko alivyoota, na bado kile kiti hakijaachwa kitupu.