Siti binti Saad: Sauti ya Mfinyanzi wa Fumba Iliyobaki Katika Santuri

Mwezi Machi 1928, kundi dogo la wanamuziki wa Zanzibar lilivuka Bahari ya Hindi hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo katika kampuni ya His Master's Voice. Mwimbaji wake mkuu alikuwa mwanamke wa makamo aliyewahi kuuza vyungu kwa miguu. Mwanamke huyo, Siti binti Saad, anatajwa kuwa wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki ambao sauti zao zilihifadhiwa katika sahani za santuri.

Siti alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, wote wakiwa na asili ya watumwa waliotoka bara. Hata jina alilopewa utotoni, Mtumwa, lilimkumbusha kila siku mahali alipowekwa na jamii ya wakati huo. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, lakini dharau waliyobebeshwa watu wa asili hiyo haikuondoka pamoja na sheria. Siti hakusoma. Alirithi kazi ya mama yake ya ufinyanzi, na alipokuwa akienda mjini kunadi vyungu, sauti yake ndiyo iliyomtangulia kwa wateja.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, ambaye alimfundisha kanuni za uimbaji na muziki. Alijifunza pia kusoma Kurani kwa tajwidi, na jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, likachukua nafasi ya lile la utotoni.

Taarabu aliyoikuta mjini ilikuwa ya kasri. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ndiye aliyeileta kutoka Misri, na iliimbwa kwa Kiarabu mbele ya watu wa tabaka la juu. Siti na wenzake, wakiwemo Maalim Shaaban, Subeti Ambari, Buda bin Mwendo na Mbaruk Effandi Talsam, waliiimba kwa Kiswahili. Muziki uliokuwa wa wachache ukawa wa wakazi wa Ng'ambo, wengi wao wakiwa watu wa asili kama ya Siti mwenyewe.

Mafanikio hayo yaliwaudhi baadhi ya watu. Zilitungwa nyimbo za kumkejeli kwa asili yake na kwa vyungu alivyouza. Siti alijibu kwa wimbo, akieleza kwamba thamani ya mtu haiko katika sura wala nasaba bali katika akili na mwenendo. Aliimba pia juu ya mambo yaliyowagusa wanyonge. Wimbo wake maarufu, Kijiti, unasimulia kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Mtuhumiwa alitorokea bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio walioadhibiwa na mahakama.

Safari ya Bombay iliibeba sauti hiyo mbali zaidi. Upande mmoja wa sahani ya zama zile ulichukua takriban dakika tatu tu, hivyo nyimbo zilizozoea kurefushwa usiku kucha zililazimika kufupishwa. Hata hivyo, wanunuzi walijitokeza kwa wingi. Hadi mwaka 1931, sahani zipatazo 72,000 zilikuwa zimeuzwa. Asiyemiliki santuri alisikiliza mkahawani, na nyimbo za Kiswahili zikafika kote pwani na bara bila mwimbaji kuondoka nyumbani.

Thamani ya rekodi hizo kwa historia ni kubwa. Kumbukumbu za maandishi za enzi ya ukoloni ziliandikwa zaidi na watawala; ndani yake mtu wa Ng'ambo huonekana kama mlipa kodi, mpangaji au mshtakiwa. Katika sahani za Siti husikika namna watu hao walivyoyatazama mambo yao wenyewe: kodi ya ardhi, dhuluma, mapenzi na hukumu za mahakama. Husikika pia matamshi ya Kiswahili cha Unguja cha miaka ya 1920, pamoja na udi, fidla na tari za wapigaji ambao hawakuacha maandishi yoyote.

Siti alifariki dunia Julai 1950. Muda mfupi kabla ya hapo alimsimulia maisha yake mwandishi Shaaban Robert, ambaye aliandika Wasifu wa Siti binti Saad. Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kama Bi Kidude, alijifunza nyimbo zake tangu utotoni na kuendelea kuziimba hadi karne ya 21. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kiliita jarida lake Sauti ya Siti.

Sahani za zama hizo huvunjika upesi zikianguka, na sindano ya santuri huzichakaza kila zinapopigwa. Baadhi ya nyimbo za Siti zimetolewa upya katika CD. Nyingine hutegemea nakala chache zilizosalia katika hifadhi za sauti na mikononi mwa watu binafsi, na nakala ya mwisho ikivunjika, hakuna maandishi yatakayoweza kuirudisha sauti iliyokuwa ndani yake.