Johannes Rebmann: Kituo cha Mwisho cha Safari Ndefu

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba Johannes Rebmann ndiye Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro. Tulilikariri jina na mwaka, tukafanya mtihani, na habari zake zikaishia hapo. Lakini mtu huyu alikaa katika nchi zetu miaka 29, na mlima ule ulichukua sehemu ndogo tu ya maisha yake. Mwezi huu twataka kumfuata mpaka kituo chake cha mwisho, nyumbani kwa rafiki yake, maana huko ndiko tunakoweza kuona maana ya kazi yake yote.

Kijana wa Gerlingen

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na mji wa Stuttgart, Ujerumani. Watu wa kwao walikuwa wakulima. Alisoma katika chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi, kisha akajiunga na chama cha CMS cha Uingereza, akatiwa ukasisi, akaambiwa aende Mombasa.

Alipofika Juni 1846 alipokewa na Mjerumani mwenzake, Johann Ludwig Krapf, aliyemzidi umri kwa miaka kumi. Krapf alikuwa amekwisha onja uchungu wa nchi hii. Mwaka 1844, miezi michache tu baada ya kufika, mkewe Rosina alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga naye akafa. Tangu siku zile Krapf alikuwa peke yake, akijifunza lugha na kutafsiri Maandiko. Basi kuja kwa Rebmann kulikuwa faraja kubwa kwake.

Mwezi wa Agosti mwaka uleule wazee wa Rabai walikubali wageni hawa wakae kwao. Siku ya kuhama wote wawili walikuwa na homa. Walikuwa na punda mmoja tu, wakapokezana kumpanda, huyu akipumzika na yule akijikongoja kwa miguu mpaka wakaupanda mlima. Yafaa tuikumbuke safari hii fupi ya watu wawili na punda mmoja, kwa sababu mambo yao yaliendelea hivyo hata uzeeni: mmoja akichoka, mwenzake humbeba.

Mlima uliokataliwa

Mwaka 1847 Rebmann alikwenda mpaka Kasigau katika nchi ya Wataita. Mwaka uliofuata alifunga safari ya Uchagani pamoja na msafara mdogo ulioongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za bara. Tarehe 11 Mei 1848, asubuhi, aliona kitu cheupe juu ya mlima mrefu. Alidhani kwanza ni wingu. Alipomwuliza mwongozi wake, aliambiwa kuwa kile ni baridi tu. Rebmann, aliyekulia katika nchi ya theluji, akaelewa mara moja.

Wachaga, kwa hakika, hawakuhitaji mgeni awaonyeshe mlima wao. Lakini habari ilipochapishwa katika gazeti la CMS mwaka 1849, wataalamu wa Ulaya walishangaa. William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hizi, alishikilia kuwa theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, na kwamba macho ya mmisionari yamemdanganya. Rebmann alibishiwa kwa miaka mingi. Mwaka 1861 na 1862 Baron Karl Klaus von der Decken alikwenda mlimani mwenyewe, akathibitisha kuwa theluji ipo.

Rebmann alirudi Uchagani mara mbili zaidi. Safari ya tatu, mwaka 1849, alikusudia kupita mpaka Unyamwezi, lakini alipofika Machame alilazimishwa kutoa bidhaa zake moja baada ya nyingine kama zawadi, hata akaishiwa na kila kitu. Akarudi Rabai mgonjwa na mikono mitupu.

Marafiki wasiokubaliana

Hapo ndipo njia za marafiki hawa wawili zilipoanza kuachana. Krapf alikuwa mtu wa kutazama mbali. Alitamani kuona mlolongo wa vituo vya Injili ukivuka Afrika kutoka bahari hii mpaka bahari ile, na alitaka wamisionari wasonge mbele. Rebmann, baada ya yale yaliyompata Machame, aliona kazi ni kukaa mahali pamoja, kujenga nyumba, kulima, kujifunza lugha vizuri na kuishi na watu mpaka wawe na imani nawe. Mwenzao Jakob Erhardt, aliyefika 1849, alikuwa upande wa Rebmann. Mabishano yalikuwa makali, na hayakumalizika kwa mmoja kumshinda mwingine.

Mwaka 1853 afya ya Krapf ilivunjika, akarudi Ujerumani, akakaa Korntal, kijiji cha Wakristo kilichoanzishwa mwaka 1819 karibu na Stuttgart. Erhardt naye aliondoka 1855. Alikuwa ameandaa na Rebmann ramani ya bara, kwa kuwauliza watu wa misafara. Ramani hiyo ilionyesha ziwa moja kubwa mno mahali ambapo kumbe kuna maziwa kadhaa. Ilikuwa na makosa, lakini ndiyo iliyowafanya Waingereza wawatume Burton na Speke kutafuta maziwa hayo. Wawili hao walimtembelea Rebmann Rabai mapema mwaka 1857 kabla ya kuanza safari yao, wakatamani afuatane nao. Hakwenda. Wao wakapata sifa duniani kote, naye akabaki na vitabu vyake vya maneno.

Miaka ya kukaa

Mwaka 1851 Rebmann alikuwa amemwoa Emma, mama Mwingereza, huko Misri. Walikaa pamoja miaka 15. Mtoto wao alifariki akiwa mchanga. Wamasai waliposhambulia sehemu za karibu na Mombasa mwaka 1857, kituo kiliachwa, wakakimbilia Unguja kwa muda. Baadaye walirudi wakaanza tena. Mwaka 1866 Emma alifariki, na Rebmann akabaki mjane.

Tukihesabu kwa hesabu ya makanisa yetu ya leo, mavuno yake yalikuwa madogo sana. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu, ambaye hakuishi muda mrefu baada ya ubatizo. Wengine waliofuata walikuwa wachache. Huko Uingereza wapo waliouliza kama inafaa kuendelea kutumia fedha kwa kituo kama hicho. Rebmann hakujitetea kwa hesabu. Aliendelea kukusanya maneno ya Kiswahili, ya lugha ya Warabai, na hata ya Kinyasa, aliyofundishwa Rabai na Salimini, mtu aliyetolewa kwao karibu na Ziwa Nyasa na kuuzwa utumwani. Fikiri, msomaji: mtu aliyenyang'anywa nchi yake na ndugu zake alikuwa na lugha yake bado, akamgawia mgeni, neno kwa neno.

Wakati huo macho ya Rebmann yalianza kufifia. Sir Bartle Frere alipofika Rabai mwaka 1873, katika safari yake ya kupinga biashara ya watumwa, alimkuta mzee kabla ya wakati wake, na nuru ya macho inamwishia. Mtu ambaye wasomi wa London walisema macho yake hayafai kuaminiwa sasa alikuwa akiyapoteza kweli.

Safari ya kwenda kwa rafiki

CMS ilipoanza kazi mpya kwenye pwani na kujenga Freretown kwa ajili ya watumwa waliowekwa huru, watu wapya walikuja wenye nguvu na mipango mingi. Rebmann hakuweza tena kusoma wala kutembea peke yake. Mwaka 1875 aliondoka. Tangu mwaka 1846 hakuwa amerudi kwao.

Aliyemshika mkono safari nzima alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa mmoja wa Wakristo wa kwanza wa kazi ile. Tupige mfano wa safari hiyo: ngazi za meli, bandari za watu wengi, treni, baridi, lugha za kigeni, na kijana wa pwani anatembea mbele akimwambia mzee wapi aweke mguu. Miaka 29 kabla ya hapo Rebmann alikuja kuwaongoza wengine. Sasa yeye ndiye aliyeongozwa, na aliyemwongoza alikuwa ni tunda la ile kazi iliyosemwa haina matunda.

Kituo cha mwisho kilikuwa Korntal, na mwenyeji alikuwa Krapf. Gerlingen, kijiji alichozaliwa Rebmann, si mbali na hapo. Lakini mtu aliyeondoka kijana na kurudi kipofu ana wangapi waliobaki wa kumjua? Krapf alimjua. Alizijua njia za Rabai, homa za masika, majina ya wazee, na makaburi. Waliokuwa wamebishana juu ya njia ya kufanya kazi sasa walikuwa majirani, mmoja ana miaka 65, mwingine 55, na wote wawili wamechoka.

Wahenga walisema mgeni apewe jembe siku ya tatu. Jembe la Rebmann lilikuwa lilelile la tangu Rabai, yaani maneno. Mwaka 1876 Injili ya Luka aliyoitafsiri kwa Kiswahili ilichapishwa huko St. Chrischona karibu na Basel. Mwaka huohuo alioa tena, akamwoa mjane wa mmisionari, naye akamtunza. Lakini siku zilikuwa zimekwisha kuwa chache. Tarehe 4 Oktoba 1876 Johannes Rebmann alifariki dunia hapo Korntal, umri wake miaka 56.

Kilichobaki

Karatasi zake za Kinyasa zilikuwa hazijawa kitabu. Krapf alizichukua, akazipanga, na mwaka 1877 kamusi ikatoka, jina la Rebmann likiwa mbele, na la Krapf likitajwa kama mhariri tu. Kazi ya kupanga maneno ya mtu mwingine ni ngumu na haina sifa, na Krapf mwenyewe alikuwa na kamusi yake kubwa ya Kiswahili isiyokwisha. Hata hivyo alianza na ya rafiki yake.

Krapf alifariki tarehe 26 Novemba 1881. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka 1882, baada ya kufa kwake. Na mwaka 1887 ikatoka kamusi ya lugha ya Warabai, yenye majina ya wote wawili, imehaririwa na mtu wa tatu, T. H. Sparshott. Tazameni jinsi mzigo ulivyopokezanwa: Salimini kwa Rebmann, Rebmann kwa Krapf, Krapf kwa aliyemfuata. Ni kama wale wawili na punda wao mmoja katika mlima wa Rabai.

Isaac Nyondo alirudi Rabai, akaendelea kutumika katika kanisa. Rebmann na Krapf wote wamezikwa Korntal. Hapa kwetu kanisa lao la kwanza pale Rabai limekuwa jumba la makumbusho, na Wakristo wa Rabai wanaendelea kukusanyika.

Ndugu wapenzi, katika kila mtaa wetu wamo watumishi wazee walioacha kazi: makatekista, waalimu wa shule ya Jumapili, mama waliofagia kanisa miaka thelathini. Wengine hawaoni vizuri, wengine hawatoki nyumbani. Tunapowakumbuka, mara nyingi tunahesabu walichofanikisha, na tukiona ni kidogo tunapita. Rebmann hakufika Korntal na hesabu kubwa. Alifika ameshikwa mkono, akakuta mlango umefunguliwa na mtu ambaye hakukubaliana naye katika mambo mengi, lakini hakumsahau.

Basi mwezi huu, kila mmoja wetu na amtafute mzee mmoja wa jinsi hiyo. Aende kumtembelea, akae naye, amwulize habari za zamani. Na kama mzee ana kazi ambayo hakuimaliza, barua ya kuandikwa, shamba la kupaliliwa, mjukuu wa kufundishwa kusoma, mgeni asiondoke kabla ya kulishika jembe.