MAISHA YA PANDITA RAMABAI WA BARA HINDI, MWALIMU WA WAJANE (1858–1922)

Ni desturi ya kitabu hiki cha taarifa, baada ya hesabu za mwaka kusomwa na majina ya wenzetu waliotuacha kutajwa, kuweka mbele ya wanachama maisha ya mtu mmoja aliyewatumikia wenzake. Mwaka huu tumemchagua mwanamke, tena mwanamke wa mbali, na tumefanya hivyo kwa kusudi. Akina mama wa makanisa yetu wanaokutana kusoma pamoja wametuomba habari za mwanamke aliyeyaunganisha mambo matatu wanayoyazungumza: kuieneza Injili, kuwatetea wanaoonewa, na kukua katika roho. Nasi tumeona kwamba Pandita Ramabai anafaa sana.

Asije mtu akasema kwamba Bara Hindi si jirani yetu. Bombay, mji uitwao leo Mumbai, umejulikana na watu wa pwani yetu tangu enzi za majahazi. Tena karibu na Nasik, mji wa upande ule ule, ndiko walikolelewa baadhi ya Waafrika waliookolewa katika utumwa, ambao baadaye waliletwa Frere Town na Rabai wakawa walimu na mafundi wa misheni. Kwa hiyo habari hizi zatujia kwa njia ambayo wazee wetu waliifahamu.

Ramabai alizaliwa tarehe 23 Aprili 1858 katika msitu wa Gangamul, kusini mwa Bara Hindi. Baba yake, Anant Shastri Dongre, alikuwa Mbrahmani, yaani mtu wa tabaka la makuhani na wanachuoni, naye alikuwa mjuzi wa Kisanskriti, lugha ya vitabu vitakatifu vya Wahindu. Zamani hizo desturi haikumruhusu mwanamke kujifunza lugha hiyo. Anant Shastri hakukubaliana na desturi. Alimfundisha mkewe, Lakshmibai, hata naye akawa mjuzi. Wakubwa wa dini walikasirika, wakamwita barazani ajibu mashtaka. Naye akawaonyesha kwa vitabu vyenyewe kwamba hakutenda kosa.

Mama naye alimfundisha bintiye. Alfajiri, kazi za nyumbani hazijaanza, alimwamsha mtoto kwa upole na kumkaririsha beti za vitabu vile, moja baada ya nyingine, mpaka zikakaa moyoni. Basi Ramabai aliipata elimu yake kwa mwanamke. Tunaomba wasomaji walishike neno hili, maana mengi ya maisha yake yalitoka katika chemchemi hiyo.

Nyumba ya msituni haikudumu. Wageni na wanafunzi walikuwa wengi, mali ikaisha, madeni yakaingia. Jamaa nzima ikashika njia, ikaenda toka hekalu hadi hekalu, ikiwasomea watu vitabu vitakatifu na kupokea sadaka. Kisha njaa kuu ikaingia nchini. Katika muda wa miezi michache baba alikufa, kisha mama, kisha dada mkubwa. Ramabai alikuwa msichana wa miaka kumi na sita hivi. Baadaye alikiri waziwazi sababu moja ya msiba ule: walikuwa na elimu nyingi ya vitabu, lakini hawakujua kazi yoyote ya mikono, na fahari ya ukoo iliwazuia kutafuta kibarua. Funzo hili hakulisahau hata kufa kwake.

Akabaki na kaka yake, Srinivas. Wawili hao walitembea kwa miguu toka kusini hata Kashmir, mara nyingi bila chakula. Usiku mmoja wa baridi kali walichimba mashimo mawili mchangani kama makaburi, wakaingia ndani, wakajifunika mchanga mpaka shingoni, ili wapate kuuona mchana. Mwaka 1878 walifika Calcutta. Wanachuoni wa mji ule walimtahini msichana yule, wakastaajabu, wakampa jina la Pandita, maana yake mjuzi wa vitabu, heshima ambayo kwa desturi ilikuwa ya wanaume.

Kaka yake alifariki mwaka 1880. Mwaka huo huo Ramabai aliolewa na Bipin Behari Medhvi, mwanasheria wa Kibengali, mtu wa tabaka la chini kuliko lake. Na kwa ajili ya ndoa hiyo wengi wa watu wake walimkataa. Wakapata binti, wakamwita Manorama. Haikutimia miaka miwili tangu arusi, kipindupindu kikamchukua mumewe, mwezi wa Februari 1882. Ramabai akawa mjane mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu, na mtoto mchanga mikononi.

Ni lazima tueleze maana ya neno mjane katika nchi ile na zamani zile. Katika matabaka ya juu wasichana waliozwa wangali watoto, wengine wasijue hata sura ya mume. Mume akifa, mtoto yule alihesabiwa mjane siku zote. Mara nyingi alinyolewa nywele, akanyang'anywa mapambo, akapewa chakula mara moja tu kwa siku, akalaumiwa kwamba dhambi zake ndizo zilizomwua mumewe. Kuolewa tena ilikuwa aibu kuu, ingawa sheria iliyopitishwa mwaka 1856 iliruhusu. Wazee wetu wanajua kwamba mambo ya wajane na urithi hayakosi machozi hata kwetu. Kwa hiyo hatusemi haya ili kuwacheka wengine.

Ramabai alikwenda Poona, akaanzisha chama cha wanawake kilichoitwa Arya Mahila Samaj. Mwaka huo huo wa 1882 ilikuja tume ya serikali kuchunguza elimu. Alisimama mbele ya tume, akaomba wanawake wafunzwe ualimu ili wawafundishe wasichana, tena wafunzwe udaktari, kwa sababu wanawake wengi walikuwa wakifa ndani kwa haya ya kutazamwa na tabibu mwanamume. Hakuomba huruma. Alieleza haja na njia ya kuitimiza.

Mwaka 1883 alisafiri kwenda Uingereza kwa nia ya kusomea udaktari, lakini masikio yake yalikuwa yameanza kuwa mazito, na mlango huo ukafungwa. Alikaa na masista wa Wantage. Siku moja walimpeleka katika nyumba yao huko London, ambamo wanawake walioitwa wameanguka walitunzwa na kufundishwa maisha mapya. Ramabai hakuwa amepata kuona wanawake wa namna hiyo wakipewa heshima. Akauliza sababu. Akasomewa habari za Bwana Yesu na yule mwanamke Msamaria kisimani, katika sura ya nne ya Injili ya Yohana. Tarehe 29 Septemba 1883 yeye na binti yake walibatizwa.

Hata hivyo ubatizo haukumfanya mtu wa kuitikia tu. Walezi wake walipomtaka atii mafundisho bila kuuliza, aliwajibu kwa barua, kwa adabu lakini bila woga, akieleza kwamba ametoka chini ya amri za makuhani wa kwao, wala hakusudii kuitia dhamiri yake chini ya wengine. Aliendelea kusoma Biblia mwenyewe na kuuliza.

Mwaka 1886 alikwenda Marekani kushuhudia jamaa yake, Anandibai Joshi, akipokea shahada ya udaktari katika mji wa Philadelphia. Akakaa, akajifunza njia za kufundisha watoto wadogo, na mwaka 1887 akatoa kitabu juu ya hali ya mwanamke wa Kihindu wa tabaka la juu. Marafiki wa Boston walikisoma, wakaunda chama mwaka huo huo, wakaahidi kuitegemeza shule yake kwa miaka kumi. Hivyo kitabu cha mjane mmoja kikazaa shule ya wajane wengi.

Shule hiyo, Sharada Sadan, ilifunguliwa Bombay tarehe 11 Machi 1889, ikiwa na wanafunzi wachache mno. Mmoja wa wale wa kwanza alikuwa Godubai, aliyekuwa mjane tangu utoto. Mwaka 1893 Godubai aliolewa na Bwana D. K. Karve, ambaye baadaye, mwaka 1916, alianzisha chuo kikuu cha wanawake. Haba na haba hujaza kibaba.

Shule ikahamishiwa Poona mwaka 1890. Makubaliano yalikuwa kwamba msichana Mhindu ataishika dini yake bila kusumbuliwa. Lakini Ramabai alisali kila asubuhi chumbani mwake, mlango ukiwa wazi, na wasichana wengine wakaingia kwa hiari yao. Mwaka 1893 magazeti yakapiga kelele, washauri wa shule, pamoja na Jaji Ranade, mpenda mageuzi mashuhuri, wakajiuzulu, na zaidi ya wasichana ishirini wakaondolewa na jamaa zao. Wahindu walimlaumu kwa Ukristo wake. Na Wakristo wengine walikuwa wamemlaumu kwamba hahubiri vya kutosha. Kati ya lawama hizo mbili aliendelea kufundisha.

Ikaja njaa ya mwaka 1896 na 1897. Wengine walimshauri akae, kwa kuwa shule ilikuwa na haja zake. Yeye alikuwa ameionja njaa. Alikwenda katika majimbo ya kati, akawakuta wasichana wamekonda kama vijiti, na watu waovu wakiwavizia kuwauza. Akarudi na wasichana wapatao mia tatu. Tauni ilikuwa imeingia Poona, hakukuwa na ruhusa ya kujaza watu mjini. Basi akawapeleka shambani kwake Kedgaon, wakakaa kwanza katika vibanda. Mahali pale pakaitwa Mukti, maana yake ukombozi. Baada ya njaa ya mwaka 1900 watu wa Mukti walikaribia elfu mbili.

Hapa ndipo lile funzo la ujana wake lilipozaa matunda. Pale Mukti hakuna msichana aliyepewa kitabu bila kazi, wala kazi bila kitabu. Waliosoma darasani asubuhi walifuma nguo, walikamua mafuta, walilima, walifua, na wengine walijifunza ualimu na uuguzi. Vipofu walifundishwa kusoma kwa vidole. Wanawake walioharibiwa na watu walikuwa na nyumba yao, kama ile aliyoiona London. Na mtambo wa kupiga chapa uliendeshwa na wanawake wenyewe.

Mtambo huo ulikuwa na kazi kubwa mbele yake. Biblia ya Kimarathi ilikuwapo, lakini Ramabai aliona kwamba maneno yake mengi ya Kisanskriti yalikuwa mazito kwa mwanamke wa shamba. Akajifunza Kiebrania na Kiyunani ukubwani, akaanza kufasiri upya kwa lugha nyepesi, kazi iliyochukua miaka mingi ya uzee wake. Wasichana waliookotwa njiani wakati wa njaa ndio waliopanga herufi za chapa. Binti yake Manorama, msaidizi wake na tumaini lake, alifariki mwaka 1921. Mama akazika, akarudi mezani. Aliimaliza kazi muda mfupi kabla ya kufariki kwake tarehe 5 Aprili 1922, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1924. Tafsiri hiyo haikuchukua nafasi ya ile iliyozoewa na makanisa. Lakini wanawake wasiohesabika waliipata mkononi, wakaisoma wenyewe. Nyumba ya Mukti nayo ingali ipo.

Wazee wetu waheshimiwa, tumeyaandika haya kwa sababu. Katika chama chetu kumekuwa na maneno juu ya darasa la kusoma la akina mama. Wengine wameona kwamba fedha zake zingefaa zaidi katika mazishi na nauli za wagonjwa. Hatusemi kwamba mazishi ni jambo dogo. Ndiyo yaliyotuleta pamoja. Twasema tu kwamba Ramabai alizika baba, mama, dada, kaka, mume na mtoto, na kila alipotoka kaburini aliuliza wale waliobaki watafundishwa nini. Kusoma kwake hakukuwa pambo. Kulimfikisha mbele ya tume, kukamleta kisimani pamoja na Msamaria, kukamtoa nyumbani wakati wa njaa.

Anant Shastri alimfundisha mwanamke mmoja, mke wake, akashtakiwa barazani kwa ajili yake. Hakujua kwamba alikuwa akiwafundisha maelfu. Mkutano mkuu utakapolifikia jambo la darasa letu, twaomba kila mzee amkumbuke mtu huyo kabla ya kuinua mkono wake.