Alexander Mackay

Alexander Murdoch Mackay (Rhynie, Uskoti, 13 Oktoba 1849 – Usambiro, leo nchini Tanzania, 8 Februari 1890) alikuwa mhandisi na mmisionari wa Kanisa Anglikana katika Afrika ya Mashariki. Anajulikana hasa kwa kazi yake katika ufalme wa Buganda, lakini miaka yake miwili ya kwanza aliitumia katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Hakuwahi kuwa padri; alikwenda akiwa fundi.

Maisha ya awali

Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa Huru la Uskoti, naye alimfundisha mwanawe nyumbani kwa miaka mingi. Mackay alisoma ualimu mjini Edinburgh, kisha akageukia uhandisi katika chuo kikuu cha mji huohuo. Mwaka 1873 alihamia Ujerumani, akafanya kazi ya kuchora na kuunda mashine.

Tarehe 15 Novemba 1875 gazeti la Daily Telegraph la London lilichapisha barua ya Henry Morton Stanley kutoka Buganda. Stanley alidai kwamba Kabaka Mutesa I alikuwa tayari kupokea walimu wa Kikristo, na kwamba wangefaa zaidi watu wenye ujuzi wa mikono: kujenga, kulima, kutibu wagonjwa. Shirika la Church Missionary Society, linalojulikana kwa kifupi kama CMS, likaanza kukusanya fedha na watu. Mackay aliandika barua ya kujitolea kutoka Ujerumani, akakubaliwa mwanzoni mwa 1876.

Walioteuliwa walikuwa wanane. Kiongozi alikuwa Shergold Smith, ofisa wa jeshi la majini. Mmoja tu, C. T. Wilson, alikuwa padri tangu mwanzo wa safari. Wengine walikuwa daktari, msanifu majengo na mafundi. Katika mkutano wa kuwaaga, Mackay, aliyekuwa kijana kuliko wenzake, alisema mwisho. Aliwaambia wakubwa wa shirika wategemee kwamba kabla ya miezi sita kupita watasikia mmoja wao amekufa, na aliwaomba wasikate tamaa habari hiyo itakapofika, bali wampeleke mwingine mahali pake. Habari ilifika mapema kuliko alivyokadiria.

Kutoka Unguja hadi Mpwapwa

Mackay aliondoka Southampton tarehe 27 Aprili 1876, akafika Unguja mwishoni mwa Mei. Kazi ya kwanza haikuwa mahubiri. Vitu vya msafara, pamoja na zana za useremala, za uhunzi na mashua ya mvuke iliyoitwa Daisy, vilikuwa vingi mno kubebwa kwa urahisi vichwani mwa watu. Kwa sababu hiyo walitafuta mto ambao ungewafikisha mbali bara. Mwezi Juni walijaribu mto Wami kwa Daisy. Maji yalikuwa machache, nao mto ulijipinda kiasi kwamba safari ndefu ya mashua iliwasogeza mbele kidogo tu. Baadaye walijaribu mto Kingani, yaani Ruvu, wakaona mambo ni yaleyale.

Ikabaki njia ya siku zote: wapagazi. Mashua ilibidi ibebwe kwa vipande hadi ziwani. Bila shaka wapagazi hao ndio waliofanya safari iwezekane, ingawa vitabu vilivyoandikwa baadaye vinataja majina ya Waingereza wote wanane na wapagazi karibu hakuna. Mwezi Agosti, kabla ya kundi la Mackay kuondoka pwani, fundi James Robertson alifariki Unguja kwa homa. Ilikuwa miezi minne tu tangu mkutano wa kuagana.

Mackay mwenyewe alishikwa na homa akiwa njiani kuelekea Mpwapwa. Ilimdhoofisha hata daktari wa msafara akaamua arudi pwani, naye akarudishwa mwezi Novemba. Huenda uamuzi huo ndio uliomwokoa, maana wenzake walioendelea mbele hawakuwa na bahati. Daktari John Smith alifariki mwaka 1877 kusini mwa ziwa Viktoria. Mafundi wawili walirudishwa Uingereza kwa ugonjwa. Shergold Smith na Wilson walifika kwa Mutesa mwishoni mwa Juni 1877.

Barabara ya Saadani

Alipopata nguvu, Mackay hakuambiwa awafuate wenzake mara moja. Mwaka 1877 alipewa kazi ya kufungua barabara ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, umbali wa kilomita 370 hivi. Wakati ule njia ya bara ilikuwa kijia cha kupita mtu mmoja nyuma ya mwenzake. Kwa shoka, misumeno, sururu na majembe, Mackay na vibarua wake walikata msitu, wakachimba kingo za mito na kutengeneza vivuko. (Miaka michache baadaye, mwaka 1881, mhandisi mwingine Mskoti, James Stewart, alianza barabara ya Stevenson kutoka Karonga kuelekea ziwa Tanganyika, iliyopita si mbali na mahali ulipo mji wa Tunduma.)

Barabara ilifika Mpwapwa. Magari ya ng'ombe ndiyo yaliyoshindwa, kwa sababu mbung'o waliwaua ng'ombe mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba mipango iliyofanywa London haikuzingatia mdudu huyo, ambaye wenyeji na wafanyabiashara wa pwani walimfahamu siku nyingi.

Kagei na Ukerewe

Mwezi Desemba 1877 Shergold Smith na Thomas O'Neill waliuawa katika kisiwa cha Ukerewe. Mfanyabiashara Songoro, aliyekuwa na ugomvi na mtemi Lukonge, alikimbilia kambini mwao; watu wa mtemi wakashambulia, na Songoro pia akauawa. Kati ya wale wanane, wanne sasa walikuwa wamekufa na wawili wamerudishwa kwao. Walibaki Wilson, aliyekuwa Buganda, na Mackay.

Habari ilipomfikia, Mackay aliacha mizigo mizito akasafiri haraka na watu wachache. Mwezi Juni 1878 alifika Kagei, kwenye pwani ya kusini ya ziwa, upande wa Mwanza. Bohari la msafara lilikuwa fujo: vyuma vimeshika kutu, nguo na karatasi zimeliwa na mchwa, na Daisy imepasuka mbao. Alitumia siku nyingi kuchambua kinachofaa na kisichofaa, kisha akaanza kuitengeneza mashua.

Kabla ya kuvuka alikwenda Ukerewe kwa Lukonge, ingawa watu wa Kagei walimwonya. Alikwenda bila silaha, wakapatana. Yeye na Wilson waliposafiri kwa Daisy, dhoruba iliitupa mashua ufukoni na kuivunja. Walikaa karibu miezi miwili wakikata mbao za sehemu ya katikati ili kuziba sehemu za mbele na nyuma. Mashua ikawa fupi, lakini ikaelea. Mackay alifika kwa Mutesa mwezi Novemba 1878.

Buganda na Usambiro

Huko Waganda walimwita Mzungu wa kazi. Alifua chuma, alichapa maandishi kwa mashine ndogo ya mkono, na mwaka 1882 alitengeneza jeneza kubwa la mama yake Kabaka. Katika ikulu alisoma na kueleza Injili kwa Kiswahili, kwa kutumia tafsiri za Askofu Edward Steere wa Unguja, kwa kuwa Mutesa na wakuu wake wengi walikielewa. Baadaye alitafsiri sehemu za Biblia kwa Kiganda. Alishindana pia kwa maneno na mapadri Wakatoliki Wafaransa, waliofika mwaka 1879, mara nyingine kwa ukali usiomsaidia mtu.

Mutesa alifariki mwaka 1884. Chini ya Mwanga II vijana watatu Waanglikana waliuawa tarehe 31 Januari 1885, Askofu James Hannington tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo, na Wakristo wengi huko Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Mackay alibaki hadi Julai 1887, alipolazimika kuondoka. Alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa, akaendelea kuchapa, kutafsiri na kuunda mashua mpya. Mwaka 1889 Stanley, ambaye barua yake ilimleta Afrika, alipumzika kwake pamoja na Emin Pasha.

Alifariki kwa malaria akiwa na umri wa miaka 40. Katika miaka karibu 14 hakurudi Ulaya hata mara moja, wala hakuoa. Alizikwa Usambiro, mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala.