Mcheza Kwao Asiyetuzwa

Wembe wa kukunja wa zamani, ule ambao kinyozi huunoa kwa ukanda wa ngozi, ulisifika kwa makali yake. Sifa hiyo inamhusu sana fundi saa mmoja, Benjamin Huntsman, aliyezaliwa Epworth, Uingereza, mwaka 1704.

Huntsman alifanya kazi yake mjini Doncaster, na kilichomkera ni pua ya zama zake. Ilitengenezwa kwa kuzika vipande vya chuma ndani ya makaa na kuvichoma siku nyingi mpaka kaboni ikapenya. Lakini kaboni ilijaa nje kuliko ndani, na mavi ya chuma yakabaki humo humo. Pua ya namna hiyo haikufaa kwa kamani za saa. Na wembe uliofuliwa kwayo ulikuwa mgumu hapa, laini pale.

Yapata mwaka 1740 alihamia Handsworth, karibu na Sheffield, mji wa wafua visu. Baada ya majaribio mengi aliivunja pua hiyo vipande, akaviyeyusha katika vyungu vya udongo vilivyostahimili joto la karibu nyuzi 1,600 za Sentigredi. Takataka zikaelea juu, zikaondolewa. Pua safi ikamiminwa katika kalibu, nayo ikawa na ugumu mmoja kila upande.

Wafua visu wa Sheffield waliikataa, wakidai ni ngumu mno kufulika. Huntsman akawauzia Wafaransa. Visu vya Kifaransa vilipoanza kushindana na vyao, wakaiomba serikali ipige marufuku pua hiyo kuuzwa nje. Ombi halikukubaliwa, wakalazimika kuinunua. Huntsman hakujipatia hataza. Alitegemea siri, na siri hiyo hatimaye ikawafikia wengine. Alifariki mwaka 1776, na katika karne iliyofuata nyembe za Sheffield zilienea duniani zikiwa na chapa ya pua ya kumimina.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Huntsman hakutuzwa mpaka alipochezea kwa jirani. Basi, enyi wenye dhamana ya kuagiza vifaa vya umma, nanyi wananchi wa visiwani, kazi ya fundi wetu na ijaribiwe kwanza kwa haki kabla ya kuhukumiwa. Si busara kungoja mgeni aisifu ndipo tuinunue kwake kwa bei ya ughaibuni.